Mdogo wangu aliniomba nimchagulie mji wa Marekani wenye kazi, nikaishia kuchanganyikiwa mimi

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu kutoka Guangzhou, ambako leo kuna joto la kukamua shati.

Ninachosimulia kimenipata mimi mwenyewe, sijasikia kwa mtu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Wale wenye mazoea ya kunusa chai, yaani uongo, kwenye kila uzi, leo mtanusa hadi mpate mafua.

Mimi ni mtu wa Makambako. Huku nina miaka tisa. Kazi yangu ni uwakala. Mteja wa Dar, Mbeya au Lubumbashi ananitumia picha ya nguo anayoitaka, mimi nazunguka Guangyuan Xilu kwenye yale majengo ya nguo za jumla karibu na stesheni, napata duka zuri, nakagua mzigo, nafikisha kwa watu wa kontena.

Kama anataka kushonesha, naenda Zhongda kwenye soko la vitambaa, halafu naingia Kangle hapo jirani, kijiji cha mafundi cherehani kilichomezwa na jiji.

Hayo yakae pembeni kwanza, tutayarudia.

Nina mdogo wangu wa kike, nimwite Upendo. Ndiye kitinda mimba kwetu. Alikuwa mpishi wa hosteli ya shule, mumewe ni fundi wa kuchomelea, wana watoto wawili.

Waliomba ile bahati nasibu ya green card kama wanavyoomba watu wengi, kwa kujaribu tu. Wakapata.

Hapo ndipo maisha yalipogeuka. Visa zikatoka, na visa zile zina tarehe ya mwisho ya kuingia. Nyumba wakauza, watoto wakatolewa shule. Tiketi ni ya kwenda tu, na uwezo wa kukosea mji halafu wahamie mwingine haukuwepo.

Wenyeji walikuwa wawili. Binamu wa shemeji kwenye mji mmoja wa kaskazini, na dada mmoja aliyeimba kwaya na Upendo pale Makambako, yeye yuko mji wa kusini. Kila mmoja alikuwa tayari kuwapokea kwa miezi miwili.

Jumatatu nikapokea ujumbe: "Kaka, wewe ndiye unayejua nje. Tuchagulie mji wenye kazi. Ijumaa tunakata tiketi."

Wakuu, Marekani mimi sijakanyaga. Lakini kwetu aliyevuka mpaka mmoja anahesabiwa kavuka yote. Na mimi, badala ya kusema sijui, nikajibu, "Niachie mimi."

Kichwa kilivimba kidogo, nakiri.

Nikawasha VPN, nikaanza kuchimba. Nikapata jedwali la miji mikubwa ya Marekani. Houston, Chicago, Atlanta, Boston, Seattle, ukoo mzima umepangwa mstari. Pembeni safu mbili: wasio na kazi ni asilimia ngapi, na ajira zimeongezeka kiasi gani.

Namba sitaziweka hapa kwa sababu zinabadilika kila mwezi. Na ile miji miwili ya Upendo sitaitaja, maana wakija wenye ndugu huko tutaanza ligi. Nitaiita mji wa baridi na mji wa joto.

Sasa sikilizeni nilivyokosea, maana hili ni kosa la mfanyabiashara.

Mimi nimezoea kusoma duka kwa macho. Duka ambalo mzigo umelundikana hadi mlangoni, ujue hauuziki. Duka ambalo rafu ziko wazi, ujue mali inatoka. Kwa hiyo nikaliangalia lile jedwali kama ninavyoangalia Guangyuan. Wasio na kazi nikawaona ni mzigo uliobaki dukani.

Mji wa joto ulikuwa na mzigo mwingi umebaki. Mji wa baridi, rafu nyeupe kabisa.

Sikuangalia hata safu ya pili. Nikamwandikia, "Mdogo wangu, nendeni mji wa baridi." Jioni ile ile shemeji akanitumia picha amevaa koti la mtumba linalofika kwenye visigino, anatabasamu kama aliyekwisha kufika.

Jumanne Upendo akauliza swali dogo tu. "Kaka, na kazi mpya wanaajiri wapi zaidi?"

Nikarudi kwenye safu ya pili. Wakuu, ilikuwa kinyume.

Mji wa joto, ule wenye watu wengi wasio na kazi, ndio ulikuwa unaongeza ajira mbio mbio. Mji wa baridi, ule usio na watu wa kukaa bure, ajira zilikuwa zimesimama kama maji ya mtungini.

Nikapanga upya kwenye excel kutoka juu kwenda chini. Nikapanga kutoka chini kwenda juu. Nikazima kompyuta nikawasha tena, ujinga mtupu, kama vile namba zingepumzika na kuja na akili nyingine.

Hivi inawezekanaje? Kama kazi zinaongezeka, hao wasio na kazi wanangoja nini? Na kama kazi haziongezeki, mbona wote wanazo?

Kuuliza si ujinga. Jumatano nikamtafuta Yusufu, kijana wa Tanga anayesoma shahada ya pili ya uchumi hapa kwa ufadhili. Tulikutana kwenye mgahawa wa tambi za Waislamu karibu na chuo chao.

"Kaka yangu, hizo namba hazitoki mfuko mmoja," akaniambia. "Moja wanawauliza waajiri, mna watu wangapi mnaowalipa? Nyingine wanawauliza watu majumbani, wiki iliyopita ulifanya kazi? Kama hukufanya, unatafuta?"

"Na ambaye hana kazi na hatafuti?"

"Huyo hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Hayumo tu. Si mwenye kazi, si asiye na kazi. Kula tambi, zinapoa."

Nikala tambi. Nilitoka pale nimeshiba na nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mtu yupo, anapumua, anakula, halafu hayumo! Hii elimu ina mambo.

Jioni nikamsimulia Upendo yote, na lile la "hayumo" likamchekesha sana. Lakini nilisikia kwenye sauti kwamba ameanza kuogopa. Akasema, "Kaka, usinifichie. Mimi nina watoto."

Alhamisi mchana nikaenda Kangle. Nilikwenda kuulizia bei tu, sikuwa na oda. Kwa nini sikuwa na oda mtajua mbele.

Kwa wasiopajua, kuna barabara pale ambayo watu wamejipanga pande zote mbili, wengi kweli kweli. Kila mmoja kashika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu, na mkono mwingine kashika nguo. Wanasimama juani kwa masaa.

Upendo akapiga video. Kwao ilikuwa asubuhi, nyuma yake watoto wanakunywa uji. Nikageuza kamera aione barabara.

"Jamani Kaka!" akashtuka. "Wote hao hawana kazi?"

Nilicheka. "Mdogo wangu, hao waliosimama ndio mabosi."

Alidhani namtania. Nikamweleza. Pale bosi, laoban wanavyomwita, ndiye anayesimama barabarani. Nguo aliyoshika ni sampuli ya kazi aliyonayo, na boksi limeandikwa bei anayolipa kwa kila kipande. Mafundi ndio wanaotembea katikati. Fundi anaishika nguo, anaigeuza ndani nje, anautazama mshono. Akiona kazi ni ngumu na bei ni ndogo anasema "bu yao", sitaki, anasogea kwa bosi mwingine.

Upendo akauliza, "Sasa hao wanaotembea, wana kazi au hawana?"

Nikawatazama upya wale mafundi.

Miaka tisa napita barabara ile, sijawahi kujiuliza.

Bahati nzuri akatokea dada Liu, fundi wa kutoka Hubei ambaye ameshona oda zangu nyingi. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni, huku Upendo yuko hewani na mimi natafsiri.

"Dada, una kazi?"

"Jana nilikuwa nayo. Leo asubuhi meiyou, hakuna. Baadaye nitakuwa nayo."

"Mbona barabara hii imejaa wasio na kazi?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa nikiuliza bei ya kitu kilichoandikwa bei. "Kazi ziko hapa. Unataka nikatafutie wapi?"

Halafu akanyoosha kidevu kuelekea uchochoro wa nyuma. Milango ya chuma imeshushwa, hakuna mtu, paka mmoja tu kwenye ngazi. "Kule zamani kulikuwa na karakana. Leo hutamkuta hata mmoja anayetafuta kazi. Wamerudi makwao."

Wakuu, nikalikumbuka lile jedwali.

Rafu ikiwa wazi, inawezekana mali imeuzika. Inawezekana pia duka limefungwa. Na kwa mbali huwezi kujua ni lipi.

Nikamwambia Upendo ukweli. "Mdogo wangu, mji wa joto huenda una watu wengi wanaotafuta kwa sababu kazi ziko huko na watu wanazifuata. Mji wa baridi huenda uko vizuri kweli, huenda watu wameondoka. Siku nne nimesoma. Sijui."

Nilitegemea alie. Hakulia. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, na wewe wiki iliyopita umefanya kazi siku ngapi?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa na wiki sita bila oda hata moja. Wateja siku hizi wanachati na maduka moja kwa moja, simu inawatafsiria, picha wanatumiana wenyewe. Wakala wa nini? Mimi kila asubuhi navaa shati, naenda Guangyuan, napanda ghorofa moja moja, nashuka, narudi. Nyumbani nawaambia kazi zinaenda.

"Hakuna," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Unatafuta?"

Nikafikiria. Kutembea kwenye ghorofa za watu ni kutafuta? "Hata hilo sijui, mdogo wangu."

"Basi Kaka," akasema, "wewe humo."

Niliona aibu, wakuu. Aibu ya mtu mzima, nimesimama mbele ya duka la zipu na machozi yananitoka, dada Liu ananipigapiga bega bila kujua nini kimetokea. Waliosema mficha uchi hazai walikuwa wananisema mimi.

Lakini Upendo alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. Siku ile ile akawapigia wenyeji wote wawili, na hakuwauliza kama kazi zipo. Aliwauliza lile swali aliloniuliza mimi.

Binamu wa shemeji akajibu, "Nyie njooni tu, huku kazi za kumwaga." Akauliza tena, akajibiwa vile vile.

Dada wa kwaya akasema, "Siku tatu. Mbili nilikaa nyumbani nasubiri simu. Wiki hii wamenipa tano."

Ijumaa wakakata tiketi ya mji wa joto. Koti la shemeji likarudi mnadani.

Sasa huu ni mwezi wao wa nne huko. Upendo alipata kazi jikoni, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Shemeji bado. Cheti chake cha kuchomelea hakijakubaliwa, kila asubuhi anatoka kutafuta, jioni anarudi kuwapikia watoto, na ananiambia ugali wa huko haushiki vizuri.

Juzi nikafungua tena lile jedwali, kwa mazoea tu. Mji wa joto ajira zimepanda. Na wasio na kazi nao wamepanda.

Kwa mara ya kwanza sikushangaa. Iliyopanda kwenye safu ya ajira ni Upendo. Iliyopanda kwenye safu ya wasio na kazi ni shemeji. Wanalala kitanda kimoja.

Sitawadanganya kwamba nimekuwa mchumi. Bado kuna mistari ya lile jedwali nikiitazama naona giza, na miji mingine sijui kama rafu zake zimeuzika au zimefungwa. Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akiniuliza kuhusu maisha ya ugenini, simwambii tena "niachie mimi". Na mkitaka kuchagua mji, muulizeni aliyeko huko alifanya kazi siku ngapi wiki iliyopita, halafu sikilizeni anavyojibu.

Mimi sasa nimewaambia nyumbani hali yangu ilivyo. Nimeanza kuwakagulia mizigo wale wale wanaonunua wenyewe kwa simu, maana simu inatafsiri lakini haishiki kitambaa. Naanza upya, polepole.

Mlioko Houston, Minneapolis, Dubai, Guangzhou hii hii au hapo Kariakoo, karibuni kwenye comment. Asije mtu kuniambia kazi zipo au hazipo. Mniandikie tu, wiki iliyopita umefanya siku ngapi?

Naanza mimi. Mbili.