Beseni la Langoni

Alhamisi akina mama tunasali nyumbani kwangu, hapa Kensington. Siku moja mdogo wetu Mkenya, afanyaye kazi benki, alituuliza: mumeo akitoka nje ya ndoa, utafanyaje?

"Mimi nabadilisha kufuli kwanza, ndipo naomba," akajijibu mwenyewe.

Mama mmoja Mkongo akasema angeanza na mwiko. Zamu yangu ilipofika nikavua miwani. Nikasema nitamsamehe kabla hajafika mlangoni, na nitamwandalia maji ya kuoga.

"Mama, wewe ushafika mbinguni," akasema Mkenya. "Viatu tu ndivyo umeviacha huku."

Nikamshukuru Mungu kwa kunijalia moyo huo.

Mume wangu ni mzaliwa wa hapa. Alinioa Morogoro enzi za ukimbizi wao, walipowakimbia makaburu, tukarudi pamoja. Wenzake wa wakati ule sasa ni wazee, na huku watu huzikwa Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi nyingi alivaa suti nyeusi akaenda kuzika. Kwa desturi ya kwao, atokaye makaburini haingii ndani kabla hajanawa langoni. Nami nilimtengea beseni la maji pale, bila kukosa.

Jumamosi moja ya baridi alirudi kutoka mazishini Alexandra akipiga mluzi. Akalipita beseni kama halipo.

"Baba, hujanawa."

Akasimama. "Nimesahau, mama watoto."

Mtu wa kwao hasahau kunawa, kama mimi nisivyosahau kusema amina.

"Marehemu alikuwa nani?"

Akafikiri mno. Mwishowe akakiri kwamba marehemu hakuwapo. Alikuwa Midrand, akila na mjane wa rafiki yake, na haikuwa mara ya kwanza.

"Tunazungumza tu," akasema. "Yeye hucheka nikisimulia. Wewe hadithi zangu umeshazichoka."

Nikautafuta ule msamaha nilioutangaza Alhamisi, sikuuona. Kilichokuwa karibu ni beseni.

"Eish, mama," akasema, maji yakimchuruzika kwenye suti.

Basi maji nilimwandalia, sikusema uongo. Msamaha ndio uliochelewa. Ulikuja kidogo kidogo, baada ya yeye kumpigia simu yule mjane mbele yangu na kumwambia haendi tena. Siku hizi mazishini tunakwenda wote. Njiani nazisikiliza upya hadithi zake, na moja au mbili, lazima niseme, zinachekesha.

Naye sasa hunawa langoni hata akitoka kununua mkate, polepole, akiangalia kwanza mimi nimesimama wapi.