Shoka Langu na Bega la Mbuzi

Nichekeni, lakini taratibu. Nilikuwa mwalimu mpya wa biolojia pale Tinde, nimevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, na mkaguzi wa shule ameketi nyuma ya darasa. Nikalaza mezani mbuzi aliyechunwa, nikainua shoka.

"Kaeni mbali! Kombe la bega limeungwa na kifua kwa mfupa mgumu."

Wanafunzi, wote watoto wa wafugaji, wakainamisha vichwa. Nikadhani ni heshima kwa elimu.

Mama Kulwa, mpishi wa shule aliyeniletea mbuzi, akashindwa kuvumilia. "Samahani, mwalimu." Akainua mguu wa mbele, akapitisha kisu kwenye misuli, na bega zima likabaki mkononi mwake. Hakugusa mfupa hata mmoja.

Mkaguzi akafungua kalamu.

"Ndugu mwalimu, wanafunzi waandike ulichosema wewe au alichokata mama?"