Boma la Benta Kwenye Skrini

Mimi husema ukweli hata ukiniuma: siku Benta Adongo alipoletwa kwenye chumba cha skrini, nilimcheka. Miaka kumi na mmoja alikuwa akikata minofu ya samaki wa mbuta hapa kiwandani kwetu Kisumu, mpaka vidole vya mkono wa kulia vikakataa kushika kisu. Meneja wetu, Bwana Abeid, akampa mwezi mmoja wa majaribio huku juu, awe anaangalia mitambo ya baridi kwa kompyuta. Akishindwa, arudi kwao Kisian. Kazi nyingine hakuna, na yeye alijua.

"Dishon," aliniuliza, maana mimi ndiye fundi wa umeme, "hizi kurasa zote ni za nani?"

Aibu gani hiyo! Zilikuwa sitini na mbili. Kila fundi aliyepita alitengeneza dashibodi yake akaiita alivyotaka: "Jaribio", "Jaribio la mwisho", "Mark mpya", "Usifute". Kengele ikilia, tulifungua moja baada ya nyingine huku tukitukanana. Mark, injinia wetu, alishikilia kwamba mfumo hauna shida, shida ni watu.

Benta hakubishana naye. Wiki mbili alizunguka kiwanda na daftari, akiuliza kila mtambo unapoza chumba gani. Kisha akaanza kuhamisha kurasa. Akajenga ukurasa mmoja wa mbele, akauita Lango.

"Lango la nini tena, mama?" nikamtania.

"Wewe ni Mjaluo wa wapi? Ukiingia boma la mtu usiyemjua, utauliza nyumba ya mke mkubwa iko wapi?"

"Siulizi. Inatazama lango."

"Na ya mke wa pili?"

"Kando yake."

"Na za vijana?"

"Huku chini, karibu na lango."

"Basi nyamaza niendelee."

Mtambo mkubwa, ambao vyumba vyote vinautegemea, akauweka juu katikati. Vyumba vya baridi vikafuata huku na huku. Pampu zikakaa chini. Ukibonyeza chumba unaingia ndani, unakuta vitu vyake vyote na mahali vilipo. Kurasa za zamani hakuzifuta, alizifungia kwenye folda moja. Mark alipoona hayo alicheka mpaka akashika meza. "Wamama wameleta ukewenza kwa kompyuta!" Na mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Ijumaa moja saa nane mchana, siku tatu kabla mwezi wake haujaisha, stima ikapotea, ikarudi. Kengele ikalia. Chumba cha pili kilikuwa na tani kumi na nne za minofu ikisubiri lori. Ikianza kuyeyuka, mnunuzi anakataa yote. Bwana Abeid aliingia mbio, jasho likimtoka. Mark, aliyekataa katakata kutumia Lango, akaandika "baridi" kwenye kompyuta yake, yakatoka majibu arobaini. Akaanza kufungua la kwanza.

Benta alibonyeza mara mbili tu.

"Dishon, chumba cha pili! Mtambo umerudi lakini feni mbili za ndani bado. Swichi zao ziko nyuma, karibu na mlango wa lori. Kimbia!"

Nilikimbia. Yawa, nilikimbia! Swichi zilikuwa zimeruka na kujizima, pale pale aliposema. Nikazirudisha, feni zikanguruma. Niliporudi juu, joto la chumba lilikuwa limeanza kushuka, na Mark alikuwa kwenye ukurasa wa kumi na saba.

Bwana Abeid alijipangusa uso. "Mama Benta, Jumatatu utamfundisha Mark hii kitu."

Benta hakuinuka kitini. "Nitamfundisha, Bwana Abeid. Lakini mwalimu hafundishi bila barua ya kazi."

"Utapata."

"Leo."

Ikaandikwa saa hiyo hiyo, ikatiwa sahihi. Benta aliisoma yote, mstari kwa mstari, sisi wanaume watatu tukiwa tumesimama. Kisha akaikunja, akaitia ndani ya blausi, akafungua dirisha, akapiga kigelegele. Kule chini wakata minofu wakakiitikia wote, visu mkononi, kabla hawajajua ni cha nini.