Chipsi Nilizozirowesha

Kwetu mtaa wa Amani, kitu kikitoka friza hulazwa majini kwanza kiyayuke. Basi Ramadhani hii, siku ya kuwafuturisha wakwe zangu, chipsi za paketi nikazirowesha kama samaki, ndipo nikazitia kwenye mashine yangu mpya ya kukaangia bila mafuta. Zikatoka tepetepe.

Mavyaa, mama wa mume wangu, alinikuta jikoni nalia. Akaziponda, akakoroga unga, bizari na embe mbichi, akanipikia urojo, ile supu yetu nzito. Allah amlipe!

Wageni wakasifu, nami nikajishebedua. Mara baba mkwe akaniita.

“Naam, baba.”

“Urojo mtamu, mwanangu. Na zile chipsi kavu ulizotuahidi?”

Mavyaa akainamia bakuli lake, mabega yanamtikisika.

“Baba,” nikasema, “ndizo hizo mnazokunywa.”