Meno ya Bibi kwenye Kibweta cha Sindano

Jamani, leo nimeyaona meno ya marehemu bibi yangu yamepangwa juu ya meza ya Mchina.

Nina kibweta cha mti cha kuwekea sindano, chembamba kama kidole. Alikichonga babu yake bibi huko Unguja, enzi za Malkia Victoria. Kazi yake ilikuwa kuwachongea washona kofia.

Kwetu, mtoto akianza kuota meno hupewa kibweta hicho akitafune, bila sindano bila shaka. Bibi alikitafuna, mama akakitafuna, na mimi pia. Kimejaa alama.

Nilikipeleka kwa laoban mmoja, bosi wa karakana huku Uchina, anitolee vya plastiki mfano wake nikauze sokoni Darajani.

Leo nimekwenda kuvichukua, miguu imevimba kwa kuzunguka maduka ya Zhanqian tangu asubuhi. Vimepangwa vinang'aa, na kila kimoja kina alama zetu za meno. Kalibu iliyochukua umbo la changu haikuacha kitu.

Nilichoka. Nikamuuliza:

"Na changu kiko wapi?"

Akanipa kwa mikono miwili. Amekipiga msasa na vanishi, laini kama yai. Kwa Kiingereza cha kuokoteza akaniambia ni zawadi, maana kilikuwa kimeharibika.

Nikamshukuru.

Sasa nipo kwenye kompyuta za kukodi hapa mtaani Xiaobei, viatu nimevua. Mtoto wa dada yangu ameanza kuota meno, na mama ananihimiza nirudishe kibweta.

Nimpelekee kipi?