Gari Tulilomshushia Baba

Kisukari kilimla baba mguu wa kulia hadi ukakatwa juu ya goti. Alikuwa mkulima aliyeteremka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, mrefu, mwenye mabega yaliyozoea kubeba gunia la mahindi bila kusaidiwa. Alipotoka hospitali nilimchukua akakaa kwangu Maisaka, mjini. Mama alikwisha kutangulia, na nyumba ya shambani, kule Mutuka, ilikuwa mbali na hospitali.

Gari lilikuwa lake mwenyewe, limeinuka juu, la kupita kwenye matope. Sasa hakuweza kulipanda. Kila tulipokwenda kusafisha kidonda, kaka yangu na jirani mmoja walimshika kwapani na chini ya paja, wakamwinua na kumsukumia kwenye kiti. Mara nyingine mguu uliobaki nusu uligonga mlango, akauma meno, kidonda kikaanza kutoka damu upya.

Jumapili moja, nje ya kanisa, suruali ilimvuka akiwa mikononi mwao. Akina mama wa jumuiya waligeuza nyuso upesi ili kumstahi. Nadhani huko kugeuka ndiko kulikomuumiza zaidi. Tulipofika nyumbani aliniambia, "Mimi kubebwa basi. Mtanibeba siku ya kunizika, hapo sitajua."

Hakwenda tena kanisani. Hata hospitali ikawa ugomvi.

Nilikuwa nikiwaona vijana wa mjini wanavyoshusha magari yao hadi karibu yaguse lami, kwa urembo tu. Siku moja nilichukua kamba nikapima kitanda cha baba, kuanzia sakafuni hadi pale godoro lilipobonyea, kwa sababu pale aliweza kuhama kutoka kiti cha magurudumu bila kushikwa na mtu. Nikapiga fundo pale kipimo kilipoishia.

Kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akilima shamba, hakupendezwa.

"Hili ni gari la shamba," alisema. "Ukilishusha, mazao yatatokaje Mutuka?"

"Na baba atatokaje humu ndani?"

Akanirushia funguo.

Fundi niliyezungumza naye gereji aliona ni kazi ndogo. "Tunazikata spring kwa grainda, dada. Kesho unachukua gari lako."

Nilimuuliza spring iliyokatwa inakaaje. Akasema inakaa, ila gari likiruka kwenye shimo inaweza kuchomoka. Nikamwambia atakayekaa humo ni mgonjwa aliyekatwa mguu. Akaiweka grainda chini, akavuta kigoda tukaanza upya.

Aliagiza Arusha spring fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina ile. Shokapu nazo ilibidi zibadilishwe, maana zile ndefu zingekuwa zimebanwa muda wote, na kwenye kila tuta la barabarani zingegonga mwisho na kumtikisa mgonjwa. Tukaondoa raba zilizochakaa za juu ya spring, tukafunga tairi fupi kidogo, magurudumu yakanyooshwa upya. Bado kiti kilikuwa juu ya fundo langu kwa upana wa kiganja. Fundi akang'oa kile kiti cha abiria, akaikata miguu yake na kuichomelea upya. Hapo kamba ikafika.

Baba alilitazama gari kwa muda mrefu. Kisha akasogeza kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, akashika ukingo wa paa, akajivuta na kukaa. Jasho lilikuwa likimtiririka. Nikanyoosha mkono kumsaidia kuingiza mguu.

"Acha," alisema. "Funga mlango."

Njiani aliniuliza tumefika wapi. Nilishangaa, maana tulikuwa mbele ya soko.

"Toka huku chini naona mbingu tu," alisema. "Endelea. Si kitu."

Kwa majuma machache alikwenda kanisani na kurudi bila kuguswa na mtu. Kisha masika yakaanza, akataka kuona mahindi yake. Nilimwambia njia ni mbaya. Akasema njia ya Mutuka aliijua kabla sijazaliwa.

Tulipoiacha lami, matrekta yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu na kuacha kilima cha udongo katikati. Nilijaribu kupita pembeni. Gari likateleza, tumbo lake likalala juu ya ule udongo, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Mvua ikaanza. Nilimpigia kaka simu, akaja kutoka shambani na jozi ya ng'ombe, na wafugaji wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusaidia. Ng'ombe walivuta, gari halikusogea.

"Lazima atoke," alisema mmoja wa wafugaji. "Ni zito."

"Baba, shikamoo," alisema kaka akifungua mlango, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Tunakuomba utoke."

"Niacheni humu."

Alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote miwili. Kaka alimfungua vidole, kimoja baada ya kingine, huku akilia. Wale wafugaji walitandaza shuka, wakamlaza, wakamfunika uso ili mvua isimpige. Walimbeba hadi kwenye kibanda cha jirani. Mahindi hakuyaona.

Baada ya siku ile hakutaka tena kupanda gari. Kidonda kipya kilitokea kwenye mguu wa kushoto, akakificha ndani ya soksi mpaka harufu ikakifichua. Daktari alisema ukatwe. Baba akamjibu kwa upole kwamba huo anaondoka nao. Alifia kwangu, kabla mahindi hayajakauka. Jeneza tulilipeleka Mutuka kwenye tela la trekta, kwa kuwa gari letu lisingeweza kupita.

Baada ya mazishi kaka alisema gari lirudishwe juu, na mimi sikumzuia. Aliondoka nalo, na sikujua ni fundi gani aliyeifanya kazi hiyo. Msimu ule alivuna peke yake. Aliniletea sehemu yangu ya mahindi hadi Maisaka, akapanga magunia barazani. Nilimwambia chai iko tayari. Akasema ana haraka, akajipangusa vumbi mikononi, akaondoka.