Ng'ombe Aliyezikwa na Mageni

Mwambie Mageni lolote, mwambie hata kwamba shamba lake la pamba ni pori la mbuzi, atacheka na kukukaribisha maziwa ya mgando. Lakini usithubutu kumwambia kwamba ng'ombe hazikwi. Hapo utamwona anavyobadilika. Atakuporomoshea matusi ya Kisukuma, ayachanganye na ya machimboni, na akimaliza atakuonyesha kovu jeusi lililo kwenye mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na kukuuliza kama unalitaka.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Mabaka, dume la kulimia. Mageni alikuwa amemnunua mnadani si muda mrefu, na chanjo alikuwa hajapata. Jioni Mabaka alikunywa maji lamboni akarudi zizini mwenyewe, mzima kabisa. Asubuhi Mageni akamkuta amelala ubavu, tumbo limevimba kama gunia lililoshindiliwa, na damu nyeusi ikimchuruzika puani bila kuganda. Mageni alisimama nje ya ua wa minyaa na hakuingia.

"Wewe tena," alisema. Hakuwa akisema na ng'ombe.

Mtu mwingine pale kijijini angepiga yowe majirani waje na visu. Ndivyo ilivyo huku Kishapu tangu enzi za mababu. Ng'ombe akifa mwenyewe, nyama ni ya wote. Mwenye mali hukatiwa nundu, vijana hupewa utumbo, akina mama huondoka na vipande kwenye mabeseni, na wa mbali huanikiwa yao juani. Anayezika ng'ombe ni mmoja kati ya wawili, mchoyo au mchawi. Wa tatu hajulikani.

Mageni naye alikuwa akila hivyo hivyo mpaka mwaka juzi, alipompoteza Eufrasia, mkewe. Eufrasia aliletewa kipande cha ng'ombe aliyekufa kijiji cha jirani, akakikata mwenyewe. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba na mikono yake ilikuwa imejaa michubuko. Kikatoka kipele, kikawa kidonda cheusi, mkono ukavimba mpaka bega. Wakamkanda, wakamfunga majani, wakamwitia waganga wawili waliogombana mlangoni. Walipomfikisha hospitali, daktari aliwaambia ni kimeta, kwamba kinatoka kwa mnyama kumwingia mtu, na kwamba wangemleta kidonda kilipoanza angemeza dawa akapona. Mageni, ambaye naye alikuwa na kidonda kidogo mkononi, alimeza dawa hizo hizo akapona. Eufrasia akarudi nyumbani ndani ya sanduku. Mpaka leo Mageni akila wali peke yake anaisikia ile sauti ya daktari, "mngemleta mapema," na wali unamkwama.

Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa na jambo moja tu kichwani: hakuna mtu atakayekufa kwa nyama ya Mabaka. Hakuna.

Alianza vizuri. Aliwazuia majirani waliokwisha kusikia, akawaambia wazi kabisa. "Huyu ana kimeta. Kimeta ndicho kilichomuua mke wangu, Mama Mariana. Msimguse, msimchune, hata damu yake msiikanyage."

Wakamsikiliza kwa heshima. Wakaguna. Mmoja akauliza kama akichemshwa sana na ndimu haifai. Mwingine akasema marehemu alirogwa, kila mtu anajua. Mageni alihisi kama anaongea na kisiki.

Basi akaamua kuchimba. Na hapa ndipo alipoharibu, ingawa ukimwambia hivyo leo hatakubali.

Mageni hajui kuchimba shimo la kawaida. Aliingia machimbo ya Nyarugusu akiwa kijana wa ndevu mbili, akatoka na mvi na kikohozi. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuzamisha maduara, yale mashimo ya kufuata mwamba wa dhahabu, na mkono wake umezoea hivyo. Alipoanza kulichimba kaburi la Mabaka nyuma ya nyumba, alilinyoosha kuta kwa sururu, akaweka matimba ya miti ili udongo wa mbuga usimwangukie, akafunga kamba ya kupandishia ndoo. Alichimba peke yake, hataki msaada, hataki mtu asogee. Aliyekuja na kikombe cha uji alifukuzwa. Jua lilipofika utosini shimo lilikuwa limemmeza, kinaonekana kifusi tu kikiruka juu.

Alijifunga mifuko ya mbolea mikononi, akamburuta Mabaka kwa minyororo akitumia dume lake lililobaki, akamtumbukiza, akamjazia miiba na udongo. Kisha akapanda baiskeli kwenda Mhunze kutafuta chokaa ya kumwaga juu na kumwarifu afisa mifugo.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu Bujiku.

Bujiku ni rafiki wa Mageni wa kufa na kuzikana, na si kwa maneno. Siku duara lilipowaporomokea kule Nyarugusu, Mageni akiwa chini, wenzake walishaanza kuulizana kwao marehemu ni wapi ili wapeleke habari. Bujiku alikataa. Alichimbua kwa sururu, sururu ikavunjika, akachimbua kwa mikono, akamtoa mwenzake akiwa amejaa vumbi mpaka masikioni. Wakarudi Kishapu pamoja, wakajenga jirani. Tofauti ni moja. Mageni alipoaga dhahabu aliiaga kweli. Bujiku ugonjwa wa dhahabu haukumtoka. Akiona jiwe lina rangi analisaga, analiosha kwenye karai, na kila mara mkewe Asteria anaomba Mungu karai hilo litoboke.

Bujiku alipita pale saa ileile Mageni alipoondoka. Akayaona matimba yaliyong'olewa, akaiona kamba, akaona jinsi kifusi kilivyotengwa, cha juu huku na cha chini kule. Huyu mtu amezamisha duara, halafu anasema amezika ng'ombe? Anafukuza watu wote, halafu anakimbilia mjini peke yake bila hata kula? Nani anamchimbia ng'ombe hivi?

"Kapata mwamba," Bujiku akasema. "Mageni kapata mwamba, na mimi kanificha!"

Neno hilo likasikika. Sijui huku kwetu kuna nini na maneno ya dhahabu. Tangazo la chanjo ya mifugo lilipita na kipaza sauti kijiji kizima wakatoka watu wanane. Neno hili lilisemwa mara moja, tena kwa kunong'ona, na kabla ya alasiri nyuma ya nyumba ya Mageni kulikuwa na sepetu, makarai na ugomvi wa nani kafika kwanza. Wakachimba. Wakaikuta miiba, wakaona kweli, hapa kumefichwa kitu. Wakaikuta ngozi ya Mabaka. Wakasikitika kidogo. Halafu mmoja akasema, jamani, si bado mbichi huyu, amezikwa leo hii hii.

Na visu vikaja.

Mhunze, Mageni hakubahatika. Afisa mifugo alikuwa kijiji kingine, kule nako ng'ombe wanaanguka, simu haishikiki. Chokaa alipata mfuko mmoja. Alirudi akiendesha kwa kusimama, mfuko umefungwa nyuma, akijisemea kwamba angalau shimo limekaa vizuri.

Alilikuta wazi. Pembezoni kuna damu, kwato, na kichwa cha Mabaka kikimtazama. Mageni aliiachia baiskeli ikaanguka na chokaa ikapasuka. Alikaa chini kwenye kifusi chake mwenyewe, akashika kichwa, akalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Siku nzima! Mgongo wote huu!

Bado amekaa hivyo akasikia, "Hodi, shemeji."

Alikuwa Asteria, mke wa Bujiku, na sufuria iliyofunikwa kwa kanga. Aliibeba kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Pole na msiba wa ng'ombe, shemeji. Baba Mayala amesema huyu ni ng'ombe wako, haiwezekani tule wewe ukae na njaa. Hiyo ni nundu. Nimeichemsha vizuri."

Mageni aliitazama ile sufuria. Ilikuwa inatoa moshi.

"Mmekula?"

"Watoto bado, wako shule. Sisi tumeonja tu."

"Nani alichuna?"

"Yeye Baba Mayala. Amejikata kidole kidogo, lakini si neno."

Mageni alisimama, akaichukua sufuria, akaimwaga shimoni nundu na yote, kanga ikafuatia. Asteria hajawahi kumwagiwa chakula maishani mwake.

Bujiku alikuwa amekaa uani kwake akichokoa meno, kidole kimefungwa kitambaa. Mageni alimweleza tena, kwa upole kwanza. Akamkumbusha Eufrasia. Akamwonyesha kovu. Akamwambia dawa zipo zahanati, ni vidonge tu, twende sasa hivi.

"Mimi siumwi," Bujiku akasema. "Nikameze dawa ya ugonjwa gani? Mageni, wewe umeficha mwamba, sasa unanitishia na vidonda ili nisiulize. Sisi tumetoka mbali."

"Nimekuambia ni ng'ombe! Umemchuna mwenyewe! Umeona mwamba wapi?"

"Chini yake," Bujiku akajibu, bila wasiwasi wowote. "Hatukufika chini."

Hapo Mageni alitaka kumkaba. Nasema kweli, mikono ilikwishanyanyuka. Huyu ndiye aliyevunja kucha zake zote kumtoa kaburini akiwa hai, na sasa amekaa juu ya kigoda anajiua huku akitabasamu, na maneno ya kweli yote yamekwisha. Yamesemwa asubuhi, yamesemwa mchana, hakuna aliyeyataka. Mageni hapendi uongo, hata mnadani hadanganyi umri wa ng'ombe.

"Haya," akasema. "Ipo."

Bujiku akaacha kuchokoa meno.

"Dhahabu ipo, umeshinda. Nitakuonyesha mimi mwenyewe. Lakini simwonyeshi mtu ambaye hajameza dawa, maana akifa katikati ya kazi nitaambiwa nimemtoa kafara. Zahanati kwanza. Wewe na mkeo na yeyote aliyeshika nyama ile."

Bujiku hakuuliza la pili. Alivaa kiatu kimoja akiwa anatembea.

Jamani, foleni ile! Muuguzi wa zahanati, Klara, alikuwa anafunga dirisha alipoona watu wanakuja kwa mwendo wa harambee, wengine wamebeba sepetu. Wazee ambao hata kupimwa presha hawataki walipanga mstari. Wanaume waliowakataza wake zao kliniki walisukumana. Mtu alikiri mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alikula maini, mwingine kwamba kipande kimeanikwa juu ya bati, akakimbia kukileta kikatupwe, asije akaachwa nje ya mgao. Klara alipiga simu dawa ziongezwe, kisha akamvuta Mageni pembeni.

"Mzee, umewaambia nini? Mimi nimewaelimisha hawa mpaka koo limekauka."

"Usiniulize," Mageni akasema. "Wape vidonge."

Afisa mifugo alifika asubuhi na wenzake, wakakusanya mabaki, wakateketeza, wakamwaga chokaa, wakachanja ng'ombe wa kijiji kizima. Bujiku kidole kilivimba, kikatoka kidonda cheusi katikati, Klara akakiona siku ileile kilipochomoza, na kwa kuwa dawa zilikuwa zimeanza, kikapona. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyesema asante pia. Walipogundua hakuna mwamba, Mageni akaitwa tapeli, mlaghai wa Nyarugusu, na kilabuni watu wakahama benchi alipokaa. Eti amewanywesha dawa kwa hila.

Bujiku ndiye aliyechelewa zaidi kurudi. Alikuja jioni moja, akakaa bila kusalimia, akatandaza kile kidole chenye kovu jeusi juu ya goti lake. Mageni naye akanyoosha mkono wake, kovu lake kando ya lile. Yalikuwa yanafanana kama mtu na pacha wake. Wakayatazama, na Mageni akajua sasa hatimaye mwenzake ameelewa, na kwamba wangeweza kumtaja Eufrasia bila kubishana.

"Mageni," Bujiku akasema taratibu.

"Naam, ndugu yangu."

"Pale chini ya ng'ombe. Ulifika kwenye mwamba, au uliishia kwenye udongo?"